Jani Nililolipokea kwa Mikono Miwili

Nilijiunga na wale akina mama kwa sababu ya hasira, na nikabaki nao kwa sababu nilikuwa na furaha. Najua ni ajabu kutaja furaha kwenye kazi kama ile. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na wanawake waliobakwa, kuwasindikiza polisi na hospitali, na kusimama nao mahakamani kama kesi ilifika huko, na mara nyingi haikufika. Hakuna aliyetulipa, wala hatukuwa na jina. Tulikuwa sita tu, tukikutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, penye mabenchi mawili na kabati lisilofunga. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nchi yenyewe ilikuwa bado changa, kila mkutano wa hadhara tulihimizwa kujenga taifa, na mimi niliamini kabisa kwamba ikifika Krismasi tutakuwa tumekomesha ubakaji mkoa mzima.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Moshi, nikipanga chumba Pasua. Mimi si Mchagga. Baba alitoka Singida kuja kukata miwa huku tambarare, nami nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na sote tuliongea Kiswahili. Mlima niliuona kila siku nikiamka. Mambo ya mlimani sikuyajua hata kidogo, na sikujua kwamba siyajui.

Kiongozi wetu alikuwa mkunga mstaafu kutoka Kirua Vunjo, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa amezalisha nusu ya tarafa na hakumwogopa mtu, maana wengi wa wenye vyeo vyao aliwahi kuwashika miguu, kichwa chini, wakiwa uchi. Msemo wake ulikuwa mmoja, "Mficha uchi hazai," na alivyousema yeye, ulikuwa kama taarifa ya kazini. Alinifundisha kwa maneno machache. Siku ya kwanza usimuulize kitu. Usilie mbele yake, maana ukilia atakubembeleza wewe. Halafu akaongeza, "Na uende na maharage."

Nilidhani ni zawadi. Kumbe ni ya kuchambua! Unakaa na mwenzako, ungo katikati yenu, mnatoa mawe na punje zilizooza, na macho ya wote yako chini. Mtu asiyeweza kusema akitazamwa usoni huweza kusema akiwa anatafuta jiwe. Nilicheka nilipoelezwa, lakini baada ya mwezi mmoja nilikuwa sitoki nyumbani bila kilo moja ndani ya kikapu. Maharage yale yale yalichambuliwa mara nyingi mno, hayakuwa tena na uchafu wowote, mpaka mkunga akawa anayarudishia mawe kwa makusudi.

Binti ninayetaka kumkumbuka hapa alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa akijifunza ushonaji kwa masista na kuishi na baba na mama yake Kirua Vunjo, kwenye kihamba chao, yaani shamba la kahawa na migomba lenye nyumba katikati. Aliyembaka alikuwa jirani, kihamba kwa kihamba, mwanamume mtu mzima mwenye biashara zake Holili, kule mpakani. Sasa kumbuka miaka ile ilivyokuwa. Dukani kulikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vyote vilitoka ng'ambo, na kijijini aliyevileta alikuwa yeye. Ukipita njiani ukakutana na watu wanaotoka kisimani na nguo, ulisikia harufu ya sabuni yake. Ukimsema vibaya, walikutazama kana kwamba umeitukana mvua. Polisi walimkamata, akakana kila kitu, akasema hamjui binti zaidi ya kumsalimia, na siku yenyewe alikuwa Holili. Akapewa dhamana, akarudi kijijini na katoni mbili za sabuni.

Nilikwenda kwa binti mara tatu bila yeye kusema neno lolote ila kuhusu maharage. Mara ya nne alisema yote kwa mpigo mmoja, vidole vikiendelea na kazi. Sitayaandika aliyoyasema, ni yake. Alipomaliza akapeta ungo, akasema, "Dada, mimi nataka kitu kimoja. Nataka nisimame mbele ya hakimu niyaseme haya, na yeye awe amekaa pale, amenyamaza, ananisikia mpaka nimalize. Baada ya hapo wafanye wanavyotaka."

Nilishuka mlima siku ile karibu nikimbie! Kitu kimoja tu, nikajiambia, na kinawezekana. Kumbe kilikuwa na milima yake. Siku hizo neno la mwanamke peke yake lilionekana halitoshi, hakimu alitaka kitu cha kuliunga mkono, na sisi hatukuwa nacho. Tena baba yake binti hakutaka kesi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kupita njiani watu wakinyamaza, na alitaka yaishe kimya kimya, wazee wakae, jirani abaki kuwa jirani. Kila nilipofika alinikaribisha vizuri, akaniletea ndizi, kisha akatoka kwenda kwenye kahawa yake ili asikae chumba kimoja na mimi.

Zikabaki wiki mbili kesi isikilizwe. Jumamosi hiyo nilifika mapema, binti na mama yake wakawa wanatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Wakaniachia nyumba. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikijisikia mtu wa maana sana, nikipanga kichwani jinsi tutakavyoingia mahakamani, nani atangulie, nani akae wapi, alipotokea bibi mmoja kwenye njia ya migombani. Alikuwa mwembamba, amejifunga khanga zake vizuri, na mkononi ameshika jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenyewe wapo?"

"Wametoka kidogo. Mimi nimewashikia nyumba."

Akanitazama. "Wewe ni wa nyumba hii?"

"Ndiyo, bibi," nikasema, kwa huu mdomo wangu mwepesi.

"Basi pokea, mae."

Kule kambini tulilelewa kwamba mkubwa akikupa kitu, hata kiwe kijiti, unapiga goti na kupokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Asante sana, bibi, Mungu akubariki, wewe na nyumba yako yote." Yule bibi akaanza kulia. Akanishika mashavu, akasema, "Aika, aika mae," yaani ahsante mama kwa Kichagga, akageuka akaondoka haraka bila kungoja hata maji ya kunywa.

Nilibaki nimeguswa sana. Nikajiambia, tazama, kumbe majirani wengine wana roho nzuri! Nikatafuta kopo tupu la maziwa, nikalitia maji, nikalisimamisha lile jani humo, nikaliweka katikati ya meza. Fundo lilinikera kidogo, nikataka kulifungua ili jani linyooke, kisha nikaona niliache.

Mama yake binti aliingia na mzigo wa majani kichwani. Alipoiona meza, mzigo ukaanguka.

"Nani ameleta hilo?"

"Bibi mmoja mpole sana," nikamwambia.

"Na nani amelipokea?"

"Mimi."

Akakaa palepale chini, juu ya majani ya ng'ombe. Nikajua nimefanya jambo, ila sikujua ni jambo gani. Ni binti aliyenieleza, amesimama mlangoni na mundu mkononi. Lile lilikuwa jani la isale. Kwao, mtu aliyemkosea mwenzake akitaka msamaha hupeleka isale lililofungwa fundo. Jani hilo halikataliwi. Anayelikataa, ubaya wote humgeukia yeye na uzao wake. Likishapokelewa, mwenye kosa amesamehewa, na baada yake huja mbuzi, huja mbege, watu wanakunywa pombe hiyo ya ndizi pamoja, na jambo halitajwi tena mpaka watu wanakufa. Na yule bibi mpole alikuwa bibi yake yule jirani wa sabuni, ndiye aliyemlea.

Mimi, mtoto wa kambi ya miwa, nilikuwa nimemsamehe mbakaji kwa niaba ya ukoo mzima, tena nikamwombea baraka!

Baba yake binti aliporudi nilisubiri anifokee. Afadhali angenifokea. Alifurahi. Alilitazama lile jani kwenye kopo la maziwa, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua gunia, akasema, "Ruwa amesikia. Yamekwisha." Ruwa ni Mungu wao wa tangu zamani, na wa kanisani humwita jina hilo hilo. Akatuma ujumbe kwa jirani kwamba mbuzi anaweza kuletwa kesho baada ya misa. Binti aliingia chumbani kwake akafunga mlango, nami sikuthubutu kugonga.

Nilikwenda kwa mkunga nikilia njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa yangu. "Haraka haraka haina baraka, nimekuimbia wimbo huu mara ngapi? Mtu akipewa jani anauliza, bibi, hili la nini? Wewe unashukuru tu! Ungepewa kinyesi cha mbuzi ungeshukuru!" Alifoka mpaka akaishiwa. Halafu akajimiminia chai, akakaa nayo bila kuinywa. Na yeye alikuwa Mchagga, na isale lilimfunga kama lilivyowafunga wengine. Hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi yake tulipanda wote wawili. Tuliwakuta wametoka misa ya kwanza, baba, mama na binti, wamekaa sebuleni na jani lao mezani. Nikapiga magoti mbele ya binti, nikamwomba radhi. Akaniinua. Macho yake yalikuwa makavu, na niliona amekesha akifikiri kitu.

"Mama," akamwambia mkunga, "isale hupelekwa na mtu wa namna gani?"

"Mtu aliyekosa, mwanangu. Unajua."

"Asiyekosa anaweza kupeleka?"

"Apeleke ya nini? Si kujiitia laana bure?"

"Kule polisi yeye alisema siku ile hakuwepo. Alisema hana ubaya wowote na mimi."

Nilitaka kurukaruka mle ndani. Mtu aliyekuwa Holili, asiyejua lolote, alikuwa ametuma isale kwa binti asiyemjua. Kile kitu cha kuunga mkono neno lake kilikuwa mezani, kimesimama kwenye kopo langu.

Lakini baba alikuwa ameshasimama. "Isale halipelekwi mahakamani," akasema. "Ni la nyumbani. Na likishapokelewa, umesamehe. Huwezi kusamehe kwa mkono huu na kupiga kwa huu."

"Baba, aliyelipokea ni dada. Mimi mwenye kukosewa sijalipokea."

"Kwa hiyo unalikataa?"

Mama yake alishika mdomo. Binti akainuka, akalitoa lile jani kwenye maji, akalifuta taratibu kwa khanga yake, akalishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," akasema. "Sitamtupia neno baya, wala mtoto wake, wala ng'ombe wake. Simwombei afe. Kusamehe, baba, nimesamehe. Lakini hakimu akiniuliza nitasema kilichotokea, maana kusema uongo sijaombwa, na hata ningeombwa ningekataa."

Baba aligeuka akatazama nje. Huko nje tulianza kusikia mbuzi akilia njiani, wanamleta. Nilikuwa na hoja zangu kumi tayari ulimini, na kwa mara ya kwanza maishani nilizimeza zote. Yule mzee akavuta kofia yake msumarini, akatoka mpaka barazani, nasi tukamsikia akiwaambia waliokuja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jani tumepokea. Mbuzi rudini naye."

Mkunga alinifinya mkono mpaka nikapata alama.

Siku ya kesi tulijaza benchi zima. Binti alisimama kwenye kizimba cha mashahidi, na yule mwanamume alikuwa amekaa upande wa pili, na hakuruhusiwa kusema. Aliyasema yote. Hakuangalia chini hata mara moja. Wakili wa mshtakiwa alimzungusha huku na huku, na yeye alimjibu kila swali kama mtu anayepima kitambaa, hapa mpaka hapa, hakuna zaidi. Kile alichokitaka alikipata siku ile ile, hata kabla ya hukumu, na mimi niliyekaa pale nilijiona nina bahati kuliko watu wote Moshi.

Kisha nikaitwa mimi. Wakili akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe si Mchagga."

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi ulijuaje kama hilo ni isale na si jani la kawaida?"

"Sikujua, mheshimiwa. Ningejua nisingelitia kwenye kopo la maziwa."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hata hakimu aliinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda. Ujinga wangu, uliokaribia kuua kesi, ndio uliofanya niaminike, maana hakuna mtu angebuni upumbavu wa namna ile.

Wa mwisho kuitwa alikuwa yule bibi. Mjukuu wake alimkazia macho. Alipewa kiti akakikataa, akasimama ameshika ubao kwa vidole vyake vyembamba. Akaulizwa kama alipeleka isale.

"Nilipeleka."

Kwa nini?

"Kwa sababu aliniambia amemkosea mtoto wa watu. Alilikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo mwenyewe, akanipa. Mimi nilibeba."

Wakili akamwambia ajihadhari, yeye ni mzee, labda amechanganya. Bibi akamgeukia. "Niongope juu ya isale, baba, halafu niende nalo kaburini?" Akarudi akakaa, akajifunika kichwa kwa khanga.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Alipatikana na hatia, akapelekwa gerezani. Tulipotoka nje tulilipuka! Mkunga alipiga vigelegele vya kupokea watoto mapacha. Askari akaja kutunyamazisha, naye akamwambia, "Kaa kando, mama yako nilimzalisha mimi," na yule askari akakaa kando kweli. Mama yake binti alikuwa anacheza. Baba yake alisimama pembeni ameshika kofia, akitabasamu na kufuta pua. Mimi niliimba nyimbo zote nilizozijua, za kanisani na za siasa, nikizichanganya, nikajirusha kwenye pikapu ya parokia iliyokuja kutuchukua, nikakaa kiti cha mbele, dirishani, niupungie mkono mji mzima wa Moshi.

Binti hakuimba. Alikuwa ameshapanda, amekaa katikati, kati yangu na dereva, na alikuwa akitazama ngazi za mahakama. Nikatazama na mimi. Yule bibi alikuwa amekaa pale peke yake. Ukoo wake ulikuja na lori, na lori lilikuwa limeondoka bila yeye. Tulimpita wote tukishangilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Binti akapita juu ya magoti yangu, akashuka. Akaenda mpaka kwenye ngazi, akapiga goti mbele yake, na kutoka garini tulisikia, "Shikamoo, bibi." Jibu lilichelewa sana. Mkunga akaacha vigelegele. Kisha bibi akaitikia, na binti akamshika mkono, akamwinua, wakaja polepole mpaka kwenye mlango wa gari, mlango wa upande wangu. Nilikuwa bado nimekaa, mkono uko nje ya dirisha.

"Dada," binti akaniambia, "shuka, bibi akae."